Makumbi Niliyoyafukua Mapema

Wajukuu wangu wakinikuta kwenye foleni ya dawa, nimekaa kimya tangu asubuhi na mikono mapajani, huambiana, "Bibi ana subira huyu!" Watoto hao najivunia, wote wamenipita kwa masomo, lakini hapo wamedanganyika. Subira yangu mimi ilifukiwa topeni pale Msambweni, nami nikaifukua ikiwa mbichi.

Nilizaliwa bara, upande wa Samburu ile ya njia ya reli, kwenye mbuzi na vumbi. Nilisoma hadi darasa la pili, nikaona yatosha. Nikaolewa pwani miaka ile ya mwanzo wa Uhuru. Watu walisema mambo yote sasa yatakuja, nami nikaelewa kwamba yatakuja Jumatatu.

Mume wangu alikuwa Mkristo. Alikata miwa shamba la mbali, akirudi nyumbani Jumamosi. Mama yake, yaani mavyaa wangu niliyekaa naye, alikuwa Mwislamu wa swala tano, na hakumgombeza mwanawe kwa dini aliyoichagua. Basi nami nikajiandikisha darasa la ubatizo. Niliutaka ubatizo kama mwenye kiu atakavyo maji. Kila Jumapili wenzangu waliobatizwa waliposogea mbele kusali, mimi nilibaki kwenye benchi na watoto wachanga, na mmoja wao alikuwa na tabia ya kunikojolea.

Mwalimu wa dini alikuwa mtu mwembamba, mpole, na mzito wa maneno. Alisema neno moja, akameza mate, akaenda kulitafuta la pili. Mimi nilimsaidia. Akisema, "Roho Mtakatifu hutupatia…" mimi nilikwisha kusema, "Subira!" Siku moja akanitazama, akatabasamu.

"Mama, wewe unajibu maswali ambayo sijayauliza."

"Nakupunguzia kazi, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

Kanisa letu lilikuwa likiezekwa makuti, na makuti yanataka kamba. Mwalimu akasema kila anayetaka kubatizwa alete bunda la kamba ya usumba, zile nyuzi za maganda ya nazi, aliyoisokota mwenyewe, na padre akija tutabatizwa chini ya paa letu. Padre alikuja kwetu kwa nadra. Ukimkosa, umemkosa kwa muda mrefu.

Kwetu Samburu kamba si shughuli. Unachuna gome la mbuyu asubuhi, unalitwanga, jioni mbuzi amefungwa. Mavyaa akanipeleka ufuoni, penye tope la mikoko, akanionyesha shimo lake. Tukayafukia makumbi ya nazi, tukayawekea mawe yasichukuliwe na maji.

"Sasa tutayafukua lini, mama?" nikamuuliza. "Keshokutwa?"

Mavyaa akashika kiuno. "Keshokutwa! Mwanangu, haya yanalala humu miezi. Mpaka yaoze nyama, zibaki nyuzi."

"Miezi?"

"Miezi. Nenda ukapike."

Nikaenda nikapika. Lakini kila maji yakipwa nilijikuta ufuoni, natoa jiwe, navuta kumbi moja, nalinusa, nalirudisha. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza walinitania. "Eti mke wa bara, umezika mali au umezika mume?" Nami nilikuwa naomba kweli kweli, nimesimama topeni, "Baba, nipe subira, na unipe leo."

Kisha habari zikaja kwamba padre yuko njiani. Makumbi yangu bado yalikuwa magumu kama kisigino. Mavyaa alikuwa ameenda kuhani msiba Shimoni. Nikafukua nusu, nikayabeba nyumbani, nikayapiga kwa rungu mpaka bega likafa ganzi. Nyuzi hazikuachana. Hapo ndipo akili yangu ya darasa la pili ilipofanya kazi: kama tope linalainisha polepole, moto utalainisha upesi. Nikayachemsha. Na nikayachemsha kwenye sufuria kubwa ya mavyaa, ile ya wali wa Idi.

Sitasema harufu ilivyokuwa. Nitasema tu kwamba mbuzi wa jirani aliinua kichwa, akahama.

Mavyaa aliporudi alisimama mlangoni, kanga puani. "Nani amekufa humu?"

"Shikamoo, mama. Ni kamba ya kanisa."

Akaitazama sufuria yake, nyeusi, imeganda utomvu mwekundu. "Astaghfirullah," akasema, si kwa sauti kubwa, akatoka akakaa nje. Afadhali angenipiga.

Jumamosi nikapeleka bunda langu, fupi, gumu, lina miiba. Mwalimu alilishika ncha moja, mimi nyingine, akavuta apime. Likakatika. Mwalimu akaanguka chali, kanzu ikamfunika uso, na aliyecheka wa kwanza, kwa sauti ya kusikika mpaka Diani, ni mimi.

Aliinuka, akajipangusa. "Mama," akasema, akameza mate, na kwa mara ya kwanza nilimngoja amalize. "Wewe bado."

Nilifika nyumbani nalia kwa hasira. Nikamwambia mavyaa kwamba kanisani sirudi, wabatizane wenyewe na kamba zao.

Alikuwa anaisugua sufuria kwa mchanga. Alikuwa akiisugua kila siku tangu arudi, bila kunisema. "Dini yenu mimi siijui," akasema. "Lakini makumbi nayajua. Umebakisha nusu shimoni?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hujakosa kitu. Yaache huko. Na uje unisaidie hapa."

Nikakaa chini, nikasugua. Sufuria ile ilinifundisha kuliko darasa lote. Huwezi kuisugua kwa hasira, inakuchuna vidole.

Padre alipokuja nikawapikia wali wenzangu waliobatizwa. Nikakaa kwenye benchi langu, na yule mtoto akanikojolea kama kawaida. Ufuoni nilipita kwa mbali, mikono nimeifunga mgongoni isije ikanitoroka.

Mvua zilikuwa zimepita mavyaa aliponiambia, "Sasa twende." Makumbi yalitoka meusi, laini, yananuka uozo wa haki. Tukayapiga pamoja, nyuzi zikaachana zenyewe, tukazisuuza baharini, zikawa na rangi ya asali. Nilisokota kamba ndefu. Paa lilikwisha kuezekwa zamani, basi mwalimu akaitumia kutundikia kile chuma tulichokigonga kuita watu kanisani. Kwanza aliivuta, akiwa ameshika nguzo kwa mkono wa pili. Haikukatika.

Padre akarudi. Siku hiyo mavyaa alikuja, akakaa nje dirishani, buibui lake limetulia, akitazama. Nami nilikuwa mbele, kichwa nimeinamisha. Padre alikuwa Mzungu mzee, Kiswahili chake kilitembea kwa magongo. Akainua kikombe cha maji, akaanza, "Nakubatiza… kwa jina la… Baba…"

"Na la Mwana na la Roho Mtakatifu, amina!" nikasema.

Mwalimu akafumba macho. Dirishani nikamsikia mavyaa akikohoa, na nilimjua, si kikohozi kile.

Padre akashusha kikombe. Akanitazama, akaanza upya, tangu mwanzo, polepole zaidi kuliko kwanza. Nikauma ulimi wangu, nikaushikilia kwa meno, mpaka maji yakanifikia.