Dalali Boneti na kiti chake: "Niliulizwa, nikajibu"

Saa mbili asubuhi, madalali sita wamekaa kwenye benchi la mbao ndani ya geti la yadi ya magari yaliyotumika. Wa saba amekaa peke yake, upande wa pili wa geti, kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho kutoka nyumbani. Mguu mmoja wa kiti una ufa. Ameufunga kwa waya.

Mteja anaingia. Dalali aliye mwanzo wa benchi anainuka, anajifuta vumbi, anampokea. Akimaliza atarudi kukaa mwisho, na wenzake watasogea. Hiyo ndiyo zamu, na benchi hili limeendeshwa hivyo tangu yadi ilipofunguliwa.

Mwanamke wa kiti cha plastiki hana zamu tena. Anaruhusiwa kuinuka iwapo tu mteja atamtaja.

"Wiki inakatika, hajanitaja mtu," anasema. "Si neno. Kukaa najua."

Watu wa yadi wanamwita Boneti, kwa sababu kabla mteja hajamaliza salamu yeye amekwishafungua boneti ya gari. Ana miaka arobaini na mitatu, mume fundi cherehani, na binti mmoja aliye sekondari. Kabla ya udalali aliendesha gari la kiwanda cha mikate kwa miaka tisa, mpaka kiwanda kilipofungwa.

Mwenye yadi amempa mpaka mwisho wa mwezi. "Asipotajwa na mtu, kiti kiende nyumbani," anasema, akiwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake ya bati. "Nafasi ile inatosha gari dogo."

Kosa la Boneti ni maneno. Kwa usahihi zaidi, ni maneno anayokataa kuyasema, na matatu aliyoyasema.

Kila yadi ina lugha yake, na ya hapa mtu huijua baada ya kukaa getini asubuhi moja. Gari halikosi kuwa "la mwanamke", maana yake limeendeshwa taratibu. Mwenyewe "anasafiri", ndiyo sababu anauza kwa bei ya hasara. Injini "haijawahi kufunguliwa". Kiyoyozi "kinataka gesi tu". Mafuta gari halinywi, "linanusa". Na mteja akisitasita, kuna mtu mwingine "anakuja na pesa kesho asubuhi, taslimu".

Boneti hasemi hata moja kati ya hayo. Ukimuuliza sababu, anaanza na lile linalomuudhi kuliko yote.

"Gari ya mwanamke! Mwanamke gani? Mimi lile gari la mikate nimelipiga gia kama ninayefukuzwa. Klachi nilizimaliza tatu. Lilipouzwa, nikamsikia dalali kwa masikio yangu anamwambia mteja, 'Hii ilikuwa ya mwanamke, kaka, imetunzwa.' Nilicheka mpaka nikakaa chini."

Kuhusu wenye magari wanaosafiri, ana hesabu yake: "Wangekuwa wanasafiri kweli, nchi nzima tungebaki sisi madalali na magari yao." Na kuhusu gesi: "Ninachoogopa ni hiyo 'tu'. Kila penye 'tu', pana fundi anasubiri mbele."

Wanunuzi nao hawasalimiki. Wapo wanaouliza "bei ya mwisho" wakiwa bado getini, hawajajua hata wanauliza bei ya nini. Wapo wanaopiga tairi teke, kisha wanatikisa kichwa kama waliosikia jambo. "Tairi halijawahi kumjibu mtu," anasema Boneti.

Namna yake ya kuuza ni kuanza na ubaya. Anafungua boneti, anaonyesha kinachovuja, anazunguka hadi mlango usiofunga vizuri, halafu ndipo anataja bei. Wengi huondoka kabla hajafika kwenye mlango.

Mwezi uliopita aliuza magari mawili. Kiongozi wa benchi aliuza saba. Mwenye yadi anakiri kwamba kwa mwaka mzima hakuna gari la Boneti lililorudishwa kwa ugomvi. Anaongeza kwamba mwaka huo huo hakuna dalali aliyeuza machache kuliko yeye.

Kiongozi huyo wa benchi anaitwa Kinanda, kwa ajili ya sauti yake. Ni mzee mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, na sehemu kubwa ya maneno ya yadi hii ilitoka kinywani mwake. Hakani.

"Mteja anakuja na hofu," anasema Kinanda. "Kazi yangu ni kumtuliza. Daktari naye, kabla hajakuchoma sindano, anakwambia ukweli wote?"

Siku ya tukio ilikuwa Jumatano, na zamu ilikuwa ya Kinanda. Alikuja muuguzi mmoja akiwa bado na sare zake, akitafuta gari dogo la kumfikisha kazini. Kinanda alimpeleka kwenye gari jeupe karibu na benchi. Lilikuwa la mwanamke. Mwenyewe alikuwa anasafiri. Lilitaka gesi tu.

Simu ya Kinanda ikaita, akasogea pembeni kuipokea. Muuguzi akabaki na funguo mkononi. Akageukia benchi, macho yakakutana na ya mwanamke pekee aliyekuwa amekaa pale.

"Dada yangu," akamuuliza, "hili gari ungekuwa wewe, ungenunua?"

"Mimi? Hapana. Nisingenunua."

Hayo ndiyo maneno matatu. Muuguzi alirudisha funguo kwenye kiti cha dereva, akashukuru, akaondoka.

Boneti alikuwa na sababu. Wiki moja kabla alikuwa ameinua zulia la gari lile na kukuta reli za viti zimeliwa na kutu. Gari linaloota kutu ndani, chini ya zulia, ni gari lililowahi kukaa majini. Lakini muuguzi hakuuliza sababu, na Boneti hakuitoa.

Benchi lina kanuni chache, na iliyo kubwa ni kwamba mteja wa mwenzio hajibiwi. Unaangalia pembeni, unajikuna, unasema "subiri mwenye zamu". Aliyeivunja huomba radhi mbele ya wote. Akikataa, anapoteza zamu. Kinanda alitangaza kikao Jumamosi mchana.

Nyumbani, mumewe alimshauri ainame. Cherehani lake liko kwenye chumba cha mbele, na chumba cha pili ndiyo familia nzima. Kodi ya vyumba hivyo viwili hulipwa na yeyote aliyepata kwanza, na miezi ya karibuni amekuwa ni huyo mume.

"Mke wangu, sema samahani yaishe. Neno halivunji mfupa."

"Niombe radhi kwa lipi, baba? Niliulizwa, nikajibu."

"Ungesema hujui."

"Ningekuwa sijui, ningesema."

Mumewe anasimulia mazungumzo hayo bila kuinua macho kwenye suruali anayoipindisha. Anasema alinyamaza kwa sababu anamfahamu. "Huyu ukimsukuma, anakaa. Ukimvuta, anakaa pia. Nilimwoa hivyo hivyo."

Ijumaa, siku moja kabla ya kikao, simu ya Boneti iliita. Alikuwa Kinanda.

Binti wa Kinanda alikuwa anataka gari la kupelekea watoto shule, na Kinanda alikuwa amempata mmoja mwenye gari kwenye yadi nyingine, mtaa wa pili. Fedha ilikuwa tayari. Alitaka tu Boneti aje alione.

"Nikamuuliza, 'Mzee, kesho si unanishtaki?'" anakumbuka Boneti. "Akasema, 'Kesho ni kesho, dada yangu. Leo njoo.' Nikaenda."

Alimkuta Kinanda amesimama mbele ya gari la kijivu, binti yake kando, na dalali kijana wa yadi ile akiwa katikati ya maneno yake. Gari lilikuwa la mwanamke, mwalimu. Mwalimu anasafiri. Injini haijawahi kufunguliwa. Kinanda alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila sentensi, na mkono mmoja ulikuwa umekwishaingia mfukoni.

"Maneno yake mwenyewe," anasema Boneti. "Kayatunga yeye, yamezunguka mji, yamerudi kumla yeye. Na alikuwa anayaamini! Nilitaka kumfinya."

Alifungua boneti, akafungua kifuniko cha oili, akamwonyesha binti upande wa ndani. Ulikuwa na utando wenye rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanaingia kwenye injini. Dalali kijana akasema ni jambo dogo, linataka gasketi tu. Binti akamtazama baba yake. Baba akautoa mkono mfukoni, mtupu.



Jumamosi mchana geti lilifungwa nusu, na madalali wote wakakaa kwenye benchi isipokuwa Boneti, aliyetakiwa asimame. Kinanda alieleza kosa kwa sauti yake nzuri, bila kuongeza chumvi. Kisha akamuuliza kama yuko tayari kuomba radhi.

"Niliulizwa, nikajibu," alisema Boneti. "Nikiulizwa tena kesho, nitajibu. Na wewe, Mzee, ukiniuliza, nitakujibu."

Habari ya gari la kijivu hakuitaja. Anasema mambo ya mtoto wa mtu hayaletwi benchini.

Aliyeyaleta ni dalali mwingine, anayeitwa Mshenga kwa sababu huyasifu magari kama anayeposea mtu. Alikuwa hajui lolote, ila alikuwa amesikia kwamba Kinanda yuko mbioni kununua. Alitaka kupunguza ukali wa kikao.

"Tuyaache haya kwanza," alisema Mshenga. "Mzee, soda zetu ziko wapi? Binti si amepata gari jana?"

"Hajapata."

"Vipi tena? Si ulisema ni ya mwalimu wa kike? Na mwenyewe anasafiri?"

Mtu mmoja mwisho wa benchi alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mshenga alimtazama Kinanda, akamtazama Boneti.

"Nani alikwambia usinunue?" hatimaye aliuliza.

"Nilimwita huyu," alisema Kinanda, akimwonyesha Boneti kwa kidevu. "Gari inabeba wajukuu zangu. Mlitaka nimwite nani, wewe?"

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba kesi iliishia hapo. Haikuishia hapo. Walipiga kura kwa kuinua mikono. Wawili walitaka abaki, mmoja wao Mshenga. Wanne walitaka aondolewe kwenye zamu, na mkono wa Kinanda ulikuwa wa kwanza kwenda juu.

Akiulizwa leo, Kinanda hatafuti pa kujificha. "Kanuni ni kanuni. Kila mtu akiwa anamjibu mteja wa mwenzake, hapa tutakula nini? Yeye ana haki ya kusema asemavyo kwa wateja wake. Wangu aniachie." Anainyoosha kola ya shati. "Na mtoto ni mtoto. Hayo ni mambo mawili."

Boneti anakubali kwamba ni mambo mawili. "Tofauti yetu ni kwamba mimi nayasema yote kwa mdomo mmoja."

Jumatatu alikuja na kiti. Mwenye yadi alimwambia ajaribu kazi nyingine, akamjibu kwamba kazi anayo, alichonyang'anywa ni benchi. Wenzake walimtania siku ya kwanza, wakimuuliza kama kiti hicho nacho kilikuwa cha mwanamke. "Ndiyo," aliwajibu, "na kimevunjika mguu. Nimewaambia mapema."

Sasa ni karibu saa nne. Jua limefika kwenye kiti, naye amekisogeza ukutani. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anaingia getini. Mshenga, mwenye zamu, ameshainuka na tabasamu limeshatoka.

Mwanamke anampita. Anakwenda moja kwa moja hadi katikati ya benchi na kuinama kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," anasema Kinanda. "Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Baba, namtafuta Boneti."

Benchi zima linageuka. Mmoja anapiga mluzi. Mshenga anakaa polepole, akisema kwa sauti ya kusikika kwamba posa nyingine huvunjwa na baba mkwe. Kinanda hacheki. Anatoa kalamu moja mfukoni, anaitazama, anairudisha.

"Si amemtaja kwa jina?" anamwambia mwenye yadi, aliyetoka ofisini kusikiliza kelele. "Kanuni ni hiyo." Kisha anamwonyesha binti yake kiti cha plastiki. "Yule pale."

Boneti ameshasimama. Hamtazami Kinanda, wala hashukuru. Anachosema kwa mwenye yadi ni kwamba mwezi haujaisha na ametajwa, kwa hiyo kiti kinabaki. Mwenye yadi anarudi ofisini.

Baadaye, alipoulizwa anataka nini mbele ya safari, Boneti alisema anataka kukodi ile kona ya ukutani. Inatosha magari matatu. Yatakaa boneti wazi tangu asubuhi, na kwenye kioo cha kila moja ataandika ubaya wake kwa chokaa, herufi kubwa, msomaji aone akiwa barabarani. Mumewe anasema hakuna atakayenunua. Mwenye yadi anasema hivyo hivyo. Yeye anasema watanunua wachache, na wachache ndio aliowazoea.

Kwa sasa anamtangulia binti wa Kinanda hadi kwenye gari la bluu lililo safu ya nyuma, anatia mkono chini ya boneti na kuiinua.

"Sogea karibu, mama," anasema, kwa sauti inayofika benchini. "Tunaanza na ubaya."