Picha ya Botini

Leo sokoni Mwanga mtu kamwaga mawese, na harufu yake imeniamshia hasira ya utotoni.

Siku ile bibi yangu, aliyetufundisha sisi watoto wa mtaani ngoma ya Kiha, alitupaka mawese miguuni mpaka tukang'aa. Klabu ya wakubwa wa mjini ilikuwa imetuahidi kwamba tukiwachezea wageni wao, watatugawia madaftari, kisha watatupeleka kwa boti kuwaona sokwe. Tulicheza juani ufukweni Kibirizi, mchanga ukituunguza nyayo. Madaftari tukapewa. Tukavishwa maboya, tukapandishwa botini, tukapigwa picha tukicheka.

Kisha mwenyekiti wao akasema, "Haya watoto, shukeni. Nafasi ni za wageni."

Tulishuka. Bibi alibaki amekaa.

"Mliwaahidi," alisema.

"Mama, usituharibie shughuli. Si wamepata madaftari?"

"Wamecheza tangu asubuhi kwa ajili ya sokwe. Sishuki."

Wanaume wawili wakamshika mikono, wakamteremsha majini. Kanga yake ililowa mpaka kiunoni, mbele yetu sote, na wageni wakatazama pembeni. Boti ikaondoka. Tulirudi nyumbani Katubuka kwa miguu, hakuna aliyeimba.

Miezi ikapita, mwalimu akamletea bibi kalenda ya klabu. Bibi hakujua kusoma, akaniuliza chini ya picha yetu pameandikwa nini. Nikamsomea: "Watoto wakienda kuwaona sokwe."

Bibi akaichana kalenda yote, akawashia moto wa maharage. Mwaka wenyewe wa kalenda hiyo ulikuwa haujaanza.