Rogathe na simu iliyotangaza kifo cha baba yake

Saa tatu asubuhi, siku ya gulio Hedaru. Malori yanapunguza mwendo barabarani, wachuuzi wanakimbilia madirisha ya mabasi, na ndani ya kibanda chake fundi simu Rogathe Elinaza (34) anamrudishia mteja simu bila kuifanyia alichotaka.

"Dada, nirushie tu hiyo app, bando sina," anasema mteja, Shamsa, muuza vitunguu.

"Hapana, mdogo wangu. Ukitaka tuishushe kutoka duka rasmi la simu yako. Faili la kurushiana siweki."

Shamsa anacheka, anavuka kwenda kibanda cha pili. Rogathe anamsindikiza kwa macho, kisha anarudia bisibisi yake.

Mwaka jana tu, siku kama hii angewarushia watu ishirini programu kutoka kwenye kompyuta yake, shilingi elfu moja kila mmoja. Leo hela hiyo inaingia kwa jirani. Ukimuuliza kwa nini anajinyima riziki, anaweka bisibisi chini, na anachosimulia kinakuacha mdomo wazi.

Asubuhi moja ya Juni, akiwa hapohapo kibandani, ujumbe uliingia kutoka namba ya baba yake, mkulima wa Vudee, huko milimani. Ulisema Mzee Elinaza amelala, na rambirambi zitumwe kwa namba iliyoandikwa chini.

"Nilipiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani," anasema. "Sikufunga hata kibanda. Nilipanda bodaboda nikalia mlima mzima."

Alipofika, turubai lilikuwa linafungwa uani na wanaume wanapasua kuni. Mama yake, ambaye hana simu na alimwona mumewe mara ya mwisho akishuka bondeni alfajiri, alikuwa amezimia, kina mama wanampepea kwa khanga. Vijana walikuwa wameshatumwa bondeni kuutafuta mwili.

Kisha mwili wenyewe ukapanda kwa njia ya migombani, na mzigo wa majani ya ng'ombe begani.

"Baba alitusalimia, akauliza, 'Nani amefariki?'" anasema Rogathe. "Mama mmoja alikimbia."

Bondeni hakuna mtandao, ndiyo maana mzee hakupatikana. Rogathe alipoifungua simu ya baba yake alikuta programu ya kitabu cha nyimbo. Mzee anaimba besi kwenye kwaya, na faili hilo lilikuwa limezunguka kwaya nzima kwa kurushiana simu kwa simu, bure, bila kula bando. Simu ilimwonya kabla ya kulipokea. Alikubali, maana lilitoka kwa wanakwaya wenzake. Likaomba ruhusa ya kusoma majina na kutuma ujumbe, akaruhusu. Wezi walioficha programu yao humo wakautuma ujumbe wa msiba kwa majina yote ya simuni, kabla mzee hajafika bondeni. Waliotuma rambirambi hawajarudishiwa mpaka leo.

"Kitabu cha nyimbo kinatafuta nini kwenye ujumbe wa mtu?" anauliza Rogathe, na hasira bado mbichi.

Ndiyo sababu analitetea duka rasmi, ambalo wengi hulilalamikia kwa masharti yake. Pale, anasema, mtengenezaji hujitambulisha, programu hukaguliwa kabla ya kuwekwa, na ikigundulika ina madhara huondolewa. "Ni kama nyama ya buchani yenye muhuri. Mbovu inaweza kupenya mojamoja, sikatai. Lakini ile ya kuletewa kwenye mfuko, ukiumwa tumbo utamshika nani?"

Muhidin, fundi wa kibanda cha pili, hakubaliani. "Mteja hana bando, na app nyingine huko dukani hazimo. Nimfukuze?"

Hoja ya bando inamuuma Rogathe kwa sababu ni ya kweli. Kwa hiyo anadunduliza anunue kifaa cha intaneti, ili kila anayekuja kibandani ashushe kutoka duka rasmi bila kugusa bando lake. Anatumaini kukiwasha kabla ya Krismasi, watu wanaporudi milimani na simu zao.

Mchana mzee mwenyewe anaingia na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Anakaa kwenye benchi, anapumua. "Rambirambi zangu zimeshaliwa," anasema akicheka. Kisha kicheko kinamwisha. "Siku nikilala kweli, Rogathe, nani atakuamini?"

Rogathe ananyoosha mkono.

"Lete simu, baba, niikague tena."