Nafasi ya Kiti Nyuma ya Kaunta

Kazi yangu ni kubomoa. Mafundi wa kujenga hupigwa picha nyumba ikiisha. Sisi wa kubomoa tunaondoka na vumbi letu puani kabla tofali la kwanza halijapangwa, na hakuna anayetukumbuka. Silalamiki. Au tuseme nalalamika, lakini nimezoea. Safari hii nilipewa baa ya zamani iliyo nje kidogo ya kijiji chetu, pale barabara ya vumbi inapokata kona, niitoe matumbo ibaki mifupa, mwenyewe apate kuijenga upya.

Mwenyewe ni kijana aliyeirithi kwa baba yake. Marehemu tulimwita Bosi, kwa hiyo huyu ni Bosi Mdogo, ingawa tumbo lake limeshampita baba yake. Siku ya kwanza alizunguka na kopo la rangi nyekundu akichora msalaba kwenye kila ukuta wa kuvunjwa. Kaunta hakuichora, wala ukuta wa stoo ulio nyuma yake.

"Hivyo viwili viache," aliniambia. "Kaunta ndiyo baa yenyewe."

Nilitaka kumwambia kwamba baa yenyewe ni shemeji yangu, ila shemeji alikuwa amesimama palepale na karai la kifusi kichwani, nikaona aibu kumsifia mbele ya macho yake.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Kijiji kizima kinamwita Mama Kaunta. Aliingia baa ile akiwa msichana bado, mume amemkimbia na kumwachia mapacha wanaonyonya, akasema atauza mwezi mmoja tu ajipange. Mapacha sasa wana ndevu. Marehemu alikuwa na sheria moja asiyoitania: nyuma ya kaunta hakuna kiti. Muuzaji akikaa atasinzia, na akisinzia ataibiwa, ndivyo alivyoamini. Basi shemeji alikula amesimama, akanyonyesha amesimama, akaugua homa ameegemea friji. Hata habari za msiba wa mama yao zilimkuta pale, akamalizia kwanza kumfungulia mteja chupa yake, ndipo akaenda uani kulia.

Na kazi yenyewe aliijua. Mlevi akizidisha, hakumfukuza wala kumtukana. Alimwekea glasi ya maji na kumwambia, "Hii kakununulia mkeo." Watu wakicheka, mlevi anakunywa maji yake na kushika njia. Mke wangu ameninunulia maji mengi sana pale.

Baa ilipofungwa kwa ukarabati, alikuja kubeba kifusi. Nikamwambia apumzike nyumbani.

"Nikipumzika, huyu kijana atasahau kama nipo," akasema.

Alikuwa amemuuliza Bosi Mdogo kama baa ikifunguliwa atarudi kazini, akajibiwa "tutaona", na "tutaona" ya tajiri kila mtu anaijua. Kilichomtisha ni miguu. Jioni ilivimba mpaka vifundo vikapotea, na mishipa ilijikunja nyuma ya magoti. Kusimama tena kutwa nzima asingeweza, na kazi nyingine ya kumlisha hakuwa nayo.

Tuliangusha dari kwanza. Ilishuka na mavi ya panya, vizibo vya chupa na kiatu kimoja cha kike ambacho hakuna aliyetaka kukieleza. Halafu tukapiga kuta. Lipu ile ilikuwa imekunywa bia miaka yote, kila nilipoichana kwa mtaimbo ilitoa harufu chachu, nikawa narudi nyumbani nanuka kama mtu aliyelala baa. Bega langu la kulia lilianza kulia lenyewe nikiinua nyundo. Mimi na shemeji sote tulichoka, tofauti ni kwamba mimi nilisema.

Wateja wa zamani walipita na kuchungulia kwenye tundu la dirisha. Hawakuuliza baa itafunguliwa lini. Waliuliza kama Mama Kaunta atakuwepo. Mwalimu mmoja mstaafu alimuuliza Bosi Mdogo uso kwa uso, akaongeza kwamba kama hayupo, yeye atakunywa chai nyumbani kwake. Bosi Mdogo akacheka kwa meno ya mbele tu.

Mchana mmoja shemeji alivua viatu akakaa juu ya toroli nililolipindua. Tuliposikia gari, aliruka juu kabla mlango haujafunguka, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Miguu vipi?" Bosi Mdogo aliuliza.

"Mizima kabisa."

Ilinikera. "Bosi," nikasema, "pale nyuma si ungemwekea kiti?"

"Kiti kitakaa wapi, fundi? Mtu akigeuka tu anagusa ukuta wa stoo. Asiyeweza kusimama akae kwake, mimi simlazimishi mtu."

Alisema kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko matusi. Lakini kuhusu nafasi alisema kweli. Kati ya kaunta na ukuta ule mtu alipita kwa ubavu.

Jioni ile shemeji alikuja kwetu, mke wangu akamtia miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi. Ngozi ilivutika mpaka ikang'aa. Mke wangu akamwambia amwombe Bosi Mdogo mwenyewe, maana kijana ndiye anayemhitaji.

"Nikiomba kiti leo, kesho ataniona kizee," shemeji akajibu, macho amefumba.

Mke wangu akanigeukia mimi. "Na wewe umekaa tu hapo. Si unabomoa? Bomoa."

"Ule ukuta hauna msalaba."

"Kwani msalaba wa rangi ni amri ya mahakama?"

Alisema "bomoa" kama mtu anayeagiza ufagio. Usiku ule usingizi haukunijia vizuri.

Asubuhi nilipanda juu kwanza kuuangalia ule ukuta wa stoo. Haukubeba paa, ulikuwa wa kugawa chumba tu. Nikashuka, nikaupiga. Nilifungua pengo la upana wa mikono yangu miwili nikiinyoosha, na stoo ikabaki kubwa ya kutosha. Shemeji akaja na karai lake, akasimama.

"Shemeji, huo hauna alama."

"Macho yangu mabovu siku hizi."

"Utafukuzwa!"

"Beba kifusi."

Alibeba. Kila aliporudi alilitazama lile pengo, akalipima kwa nyonga yake akidhani simwoni. Nilifurahi, nakiri, kazi yangu haijanifurahisha hivyo mara nyingi.

Bosi Mdogo alipokuja alinigombeza mpaka sauti ikamkauka. Nikadanganya kwamba tofali zilikuwa zimeoza. Akaingiza kichwa kwenye pengo, kisha tumbo, akanyoosha mikono, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe! Hapa si ile friji kubwa ya milango miwili inaingia?"

Akanipiga bega, lile lile bovu, na kuniita fundi mwenye akili. Shemeji aliokota karai akatoka nje. Nilitamani ardhi inimeze. Nilivunja ukuta kwa ajili yake, nikampatia friji.

Siku iliyofuata friji ililetwa na wapagazi wakaisukuma mpaka mlangoni. Shemeji aliweka karai chini. Alichukua kreti tupu, akalipindua ndani ya pengo, akakalia. Akanyoosha miguu yake yote miwili mbele.

"Mama Kaunta, toka hapo, friji inaingia," Bosi Mdogo alimwambia.

"Haiingii."

Wapagazi wakaacha kusukuma. Mimi nilishika nyundo bila kujua niipeleke wapi.

"Nilikuwa humu wewe unatambaa kwenye sakafu hii," shemeji alisema. "Nilikuwa nakuruka nikipeleka chupa, nisikukanyage. Sasa nimechoka. Nimechoka, baba, nimechoka kweli. Kama unanitaka, unanitaka nikiwa nimekaa. Kama hunitaki niambie sasa hivi, nijue pa kwenda."

Mikono aliikandamiza kwenye magoti. Pale dirishani mwalimu mstaafu alikuwa amesimama na fimbo yake, akimtazama Bosi Mdogo.

Bosi Mdogo alijikuna tumbo. Aliangalia friji, akaangalia ile miguu, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuiangalia. Ilikuwa mbele yake, imevimba, haina pa kujificha.

"Irudisheni uani," aliwaambia wapagazi. Kisha akamuuliza shemeji, taratibu, kama mtoto anayetumwa dukani, "Kiti chenyewe, chenye mgongo au kisicho na mgongo?"

"Chenye mgongo," shemeji alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alilia amekaa, mbele yetu sote, hata uso hakuufunika.

Aliponiona namtazama akanyoosha kidole. "Geuka huko, shemeji. Una kifusi cha kutoa."

Nikageuka, nikaanza kujaza karai.