Shemeji Ameniuliza Sufuria ya Kupeleka Galveston

"Shemeji, ile sufuria kubwa utakuja nayo ama tubebe yetu?"

Ndugu ya mume wangu amenipigia leo mchana kuniuliza hivyo. Nikashangaa, sufuria ya nini?

"Si ya Galveston!"

Jamani! Mimi ni nesi. Nimefanya kazi wikendi tano mfululizo ndio nipate siku tatu za kupumzika huko Galveston, kisiwani, mimi na mume wangu tu. Kumbe bwana amealika watu kumi na wanne!

Nimemuuliza, akasema, "Sasa ningewakataza aje? Ni familia."

Nikamwambia aende na hiyo familia. Mimi nabaki hapa nyumbani Mansfield, nilale.

Mnajua amenijibu nini?

"Sasa nani atatupikia?"

Mngekuwa nyinyi, mngemjibu aje?