Gari Lililotetemeka Asubuhi Tu

Mume wangu ni fundi wa injini, na mimi ndiye ninayeishi naye. Gari likimshinda, nyumba nzima inaumwa. Chakula anakigusagusa tu, ukimwambia jambo anaitikia "eh" bila kusikia, na sufuria yangu ya maziwa naikuta imejaa petroli na plagi. Nampenda. Lakini kipindi kile cha gari la daktari wa meno nilikuwa nimemchoka pia, na sioni aibu kusema.

Daktari alikuwa amelinunua kwa ajili ya umbo lake: jekundu, fupi, limeinama mbele kama mtu anayetafuta sarafu chini. Ndani ya boneti hamkuwa na pistoni hata moja. Mume wangu alinieleza mezani kwa bakuli na kipande cha mkate alichokikata pembe tatu. Kipande kinazunguka ndani ya bakuli, pembe zake zinafagia ukuta, petroli inaingia upande huu, inawaka upande ule, moshi unatoka. Kwenye injini yenyewe vipande vya namna hiyo viko viwili, na mafundi wanaviita rota. "Injini nyingine zinapigapiga," alisema. "Hii inazunguka tu." Kisha akaula mkate wenyewe bila kujua anakula nini.

Shida ni kwamba haikuwa inazunguka tu. Likisimama kwenye taa za barabarani lilikuwa linamisi, yaani moto unakatikakatika, linatetemeka, mwisho linazima. Mafundi wengine walilikataa. Yeye alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kaka yangu mwenye duka la vipuri alikuwa amemwekea nafasi ya kazi nyuma ya kaunta, na kila alipotutembelea alimkumbusha. Siku alipolipokea gari, mume wangu akamjibu mbele yangu: "Shemeji, gari hili likinishinda, nakuja kukuuzia nati mpaka nizeeke."

"Nakupa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi," kaka akasema huku anacheka.

Mimi sikucheka. Namjua huyu mtu, na nilijua kwamba nyuma ya kaunta angenyauka.

Kwanza mambo yalikwenda vizuri. Alikuta mpira wa hewa umepasuka na koili moja imekufa, akabadilisha vyote viwili, na jioni gari likanguruma sawasawa. Gereji yao haina geti, na daktari hakutaka gari lake lilale nje, hivyo akaja nalo nyumbani akaliegesha uani, nyuma ya gari la mpangaji wetu. Asubuhi akaliwasha. Likakohoa, likatoa moshi, likatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakikuonyesha kitu.

Tangu hapo ikawa ndiyo hali. Mchana kutwa anahangaika nalo, jioni linapona, asubuhi linaumwa upya. Akizitoa plagi, anazikuta nyeusi, zimelowa petroli. Akafungua nozeli akazisafisha. Akabadilisha nyaya. Mwishowe akapima mgandamizo wa hewa ndani ya injini, kipimo alichokuwa anakiogopa. Kila rota ina nyuso tatu, na sindano ya kipimo inaruka kwa kila uso unaopita. Ikiruka juu, juu, chini, basi uso mmoja umekwisha na injini ni ya kufumuliwa yote. Sindano ikaruka sawa kwa nyuso zote, rota zote mbili. Injini ilikuwa nzima, na mume wangu akarudi nyumbani amenuna kuliko siku zote.

"Afadhali ingekuwa mbovu," alisema. "Ningejua pa kuanzia."

Akaanza kushuku kila kitu: baridi, kituo cha petroli, betri, mpaka paka wa jirani. "Kuna mpumbavu anaharibu kazi yangu," alisema akiwa anakula. "Nikimjua, atanitambua."

"Utampata tu, mwanangu," mama yangu alimwambia, akamwongezea chai.

Mama anakaa nasi tangu baba afariki. Alijifunza udereva akiwa na wajukuu tayari, akafaulu mtihani mara ya kwanza, na leseni yake anaiweka kwenye mkoba pamoja na picha zao. Gari la kuendesha hakuwahi kuwa nalo.

Ijumaa ile ikafika. Kwa kawaida mimi hutoka alfajiri kwenda kuoka mikate, na mume wangu huwapeleka watoto shule kwa miguu, kisha hurudi kuchukua gari kwenda gereji. Lakini shule zilikuwa zimefungwa na mimi nilikuwa na zamu ya mchana. Alikuwa anapiga mswaki tuliposikia injini inawaka uani. Tukatoka mbio.

Mama alikuwa kwenye usukani, amefunga mkanda, amevaa miwani yake. Akarudi nyuma polepole mpaka nje ya geti, akazima. Mpangaji akatoka na gari lake, akampungia mkono. Mama akawasha tena, akaingia, akazima, akashuka na kufuta kioo kwa upindo wa gauni.

"Shikamoo, mama," mume wangu alisema, mdomo umejaa povu.

"Marahaba. Nilikuwa nampisha mpangaji asichelewe kazini. Sikutaka kukusumbua."

"Kila siku?"

"Kila siku," mama alisema kwa fahari. "Na sijawahi kugusa ukuta."

Niliona hasira ikimpanda mpaka shingoni, ikakosa pa kwenda. Mama mkwe hafokewi. Akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Na mimi nilikuwa na hasira zangu: sufuria imeharibika, watu tumenuniana mwezi mzima, na hakuna aliyemuuliza mwenzake swali moja.

Akatema povu, akaeleza kwa upole uliomgharimu. Injini hii ikiwa baridi inanyweshwa petroli nyingi ili iwake. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli inabaki ndani na plagi zinalowa. Mama alikuwa anafanya hivyo mara mbili kila asubuhi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwekea ufunguo kiganjani.

"Basi mpumbavu ni mimi," alisema.

Mume wangu alitazama ufunguo, akaenda kuchukua sufuria yangu, akazitoa plagi zote nne, akazisugua, akazikausha, akazirudisha. Alipomaliza akampa mama ufunguo.

"Washa, mama. Lakini leo hakuna kuzima."

Mama akatutoa getini, mimi kiti cha nyuma, magoti kidevuni, mume wangu mbele ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Alikuwa amekunja uso, na kila kona alikuwa anakanyaga breki isiyokuwepo. Mama akasimama mbele ya duka la kaka. Gari likanguruma pale pale kwa utulivu wa kupendeza, halikutetemeka hata kidogo.

Kaka akatoka ameshika kitambaa cha kufutia kaunta. Akamwangalia mama, akamwangalia mume wangu.

"Shemeji, leo Ijumaa. Umekuja kuanza kazi?"

Mume wangu akafungua mdomo, lakini mama alikuwa ameshaingiza gia.

"Hatuna nafasi," alisema. "Injini bado haijapata moto."