Pipa la Trofimena

Asubuhi ya kutoboa pipa, Trofimena Apicella aliamka moyo ukimdunda kama wa bibi harusi, jambo lisilopendeza kwa mjane wa miaka sabini na moja mwenye dawa za presha kabatini. Akanywa kahawa, akasahau kwamba amekwisha kunywa, akanywa nyingine. Kisha akashuka ngazi mia mbili na kumi na nne, kutoka kwenye mashamba ya malimau hadi pwani ya Portoscino, na kwa mara ya kwanza mwaka ule magoti yake hayakulalamika.

Marehemu mumewe, Pantaleone, alikuwa fundi wa kolatura, ule mchuzi wa rangi ya kaharabu unaochuruzika kutoka kwenye pipa la dagaa waliokandamizwa kwa chumvi na mawe. Huko Portoscino wanawake hukata vichwa vya dagaa, wanaume hupanga pipa. Imekuwa hivyo tangu zama za watawa, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini, isipokuwa wanaume, ambao wameeleza mara nyingi. Pantaleone alifariki mwezi wa pili. Mwezi wa tano, mashua ziliporudi zimejaa, Trofimena alikata vichwa kama kawaida yake, halafu akafunga kibwebwe akalipanga pipa mwenyewe: safu ya dagaa, safu ya chumvi, vifua huku, mikia kule, na mawe juu.

Shemeji yake, Costabile, alimkuta akisukuma jiwe la mwisho.

"Shemeji, hilo litaoza."

"Likioza nitakuita uje unuse."

"Mimi sicheki. Pipa hilo lilikuwa la baba yetu."

"Basi tukubaliane. Desemba likitoka baya, lichukue, mimi nirudi kwenye vichwa. Likitoka zuri, ni langu mpaka nife, na wewe habari za pipa unanyamaza mpaka nife."

"Hilo la kunyamaza ndilo gumu," alisema Padri Aniello, aliyekuwa anajipitia tu, na papo hapo akageuka kuwa shahidi.

Sasa Desemba ilikuwa imefika, na nusu ya kijiji ilikuwa imejibana kwenye pishi lililo chini ya mnara. Mnara huo ulijengwa ili maharamia waonekane mapema. Kwa mujibu wa vitabu vya kanisa, ulikamilika miaka kumi na miwili baada ya maharamia kuondoka na kengele, ngano na padri, ingawa padri walimrudisha. Tangu hapo unalinda dagaa, na kwa kazi hiyo hauna lawama.

Trofimena alishika kekee kwa mikono miwili akaanza kulitoboa pipa chini kabisa. Mbao zilikuwa ngumu. Mtu mmoja akajitolea kumsaidia. Trofimena akamtazama, mtu yule akakumbuka kwamba ana kikohozi. Kekee ikazama, ikatoka. Tone la kwanza likajining'iniza kwenye tundu kana kwamba nalo lilikuwa linafikiria, halafu likadondoka kwenye glasi, safi, lenye kung'aa. La pili. La tatu. Harufu ya bahari ya mwezi wa tano ikajaa pishini, na Trofimena akagundua kwamba ameishika sketi ya jirani yake na haiachii.

Lakini tone halihukumiwi kwenye glasi. Huhukumiwa kwenye tambi, na fundi haruhusiwi kupika tambi za kuonjea pipa lake, asije akaficha ubaya kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Costabile akajitolea kupika. Alikuwa na miaka sabini na sita na hajawahi kuchemsha yai, ila alikuwa amewatazama wanawake wakipika kwa miaka mingi, na alijihesabu amehitimu. Akaingia jiko la kanisa, akafunga mlango. Trofimena akangoja nje, akipanga upya malimau ambayo yalikuwa yamepangwa.

Sahani ilipotoka, Padri Aniello alionja kwanza. Akatafuna. Akameza. Akaomba maji.

"Chumvi," alisema kwa upole anaoutumia mazikoni.

Wavuvi wawili wakaonja, wakatazamana. Costabile akatikisa kichwa kwa huzuni iliyomkaa vizuri sana. "Nilisema. Mtu hawezi kusema sikusema. Kesho nitakuja na mkokoteni."

Trofimena akachukua uma, akaonja. Kweli ilikuwa chumvi tupu. Akawaza kidogo. Akaingia jikoni, akavua uzi mmoja wa tambi uliobaki sufuriani, mtupu, haujaguswa na kolatura, akautia mdomoni.

Akatoka polepole.

"Shemeji, kwenye maji ulitia nini?"

"Swali gani hilo? Chumvi. Konzi mbili, kama mtu yeyote mwenye akili."

Mwanamke mmoja mlangoni akaanza kucheka, na mnara ukaitikia. Tambi za kolatura maji yake hayatiwi chumvi, kwa kuwa kolatura yenyewe ni chumvi ya kutosha. Mtoto wa Portoscino hulijua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Costabile alikuwa amekula kolatura miaka sabini, ametengeneza mapipa arobaini, na hajawahi hata siku moja kuikaribia sufuria.

Trofimena akachota kikombe cha maji yale, akampa. "Kunywa."

Akanywa. Uso wake ulieleza yote.

Mara ya pili alipika padri, wanawake kumi na moja wakimwelekeza kwa pamoja. Alipoonja alijiongezea. Wavuvi wakagombania sahani. Trofimena alihisi furaha ikimpanda kutoka magotini, ikabidi aegemee ukuta wa jiko.

Costabile akaonja mwisho. Akakaa na lile tonge mdomoni muda mrefu.

"Ya Pantaleone," alisema, "ilikuwa na ukali kidogo mwishoni. Hii haina."

Akameza.

"Hii ni nzuri zaidi," akamalizia, kama mtu anayeng'olewa jino. "Ila yale mawe, shemeji, mimi ningeyapanga..."

"Tulikubaliana nini?"

Akafumba mdomo. Padri akatazama juu, kwenye dari.

"Mwezi wa tano dagaa wataingia, na vichwa havijikati," alisema Trofimena. "Nitakuwekea kisu."

Costabile alifikiri, akatazama sahani, akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hiyo tu ndiyo ruhusa aliyobakiwa nayo.